Nguo Nyeupe kwenye Kamba ya Mama Mzee

Kila Januari, jua la Arusha linapokuwa kali na Mlima Meru umesimama bila wingu tangu asubuhi, Mama Mzee wa Kanisa alianika nguo zake za kuzikiwa.

Hakujificha. Alizianika mchana kweupe, kwenye kamba iliyotoka nguzo ya banda la ng'ombe hadi mparachichi, mahali ambapo kila anayepandisha njia yetu ya Kimandolu aliziona akitaka asitake: gauni jeupe la mikono mirefu, kitambaa cheupe cha kichwa, soksi nyeupe, na shuka kubwa jeupe lisilo na ua wala mstari. Viatu havikuwamo. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza kwa nini.

"Viatu vya nini, jirani mdogo? Siku hiyo nabebwa."

Nyumba yetu na yake zilitenganishwa na ua wa michongoma wenye tundu la kupitisha kuku, na kwa miaka mingi tundu hilo lilinipitisha na mimi. Aliniita jirani mdogo nikiwa na kaptura ya shule, na ameendelea kuniita hivyo hadi leo nina ndevu. Jina lake la ubatizo nalijua, lakini sijawahi kulisikia likitumika. Usharika wetu wa Kilutheri ulimchagua kuwa mzee wa kanisa akiwa bado mama wa makamo, mtaa ukalifupisha jina la cheo, na kuanzia hapo akawa Mama Mzee, hata kwa watu waliomzidi umri.

Nguo zile zilishazoeleka kwetu. Tatizo lilikuwa wageni. Mwaka aliohamia mama muuza genge, yule aliyeweka meza yake ya nyanya na mchicha pale njia inapokata, alipita asubuhi akaona weupe wote ule kwenye kamba ya mzee wa kanisa, geti limefungwa, ndani kimya. Alibisha hodi, hakujibiwa. Akakimbia kutoa taarifa. Wale aliowaambia wangepaswa kujua, maana nguo walikuwa wakiziona kila mwaka, lakini kilio cha mtu anayelia kweli kinavuruga akili. Kufikia saa sita mabenchi ya kanisa yalikuwa yameshashushwa, turubai limefungwa kwenye mti, wanawake wameinjika sufuria, na mwinjilisti amefika nusu ya sala. Ndipo Mama Mzee akatokea kutoka mashineni, ndoo ya unga kichwani.

"Nani kafa?" aliuliza.

Mama wa genge alikaa chini, pwaa, kwenye vumbi.

Mama Mzee alitazama turubai, akatazama kamba yake, akaelewa. Alitua ndoo. Akachungulia sufuria. "Ni mimi, siyo? Sasa mnanizika na chai isiyo na tangawizi?"

Watu walianza kuinuka kwa aibu, akawakatalia. "Kaeni, mmeshakuja. Siku yenyewe sitaweza kuwakaribisha." Akaingia ndani, akatoka na tangawizi na kinu, akamwambia mwinjilisti amalizie sala yake palepale alipokuwa ameachia. Alimaliza huku marehemu amekaa benchi la mbele anamwitikia amina.

Usidhani alikuwa mtu mpole mwenye uso wa malaika. Alikuwa mkali. Mkutano wa jumuiya ulioanza kwa kuchelewa aliukemea hadi mwisho wake. Watoto wa Jumapili aliwapanga kama askari. Alimgombeza mwalimu wa kwaya hadharani kwa kuruka ubeti wa mwisho wa wimbo ili kuwahi matangazo. Ubeti wa mwisho, kwa Mama Mzee, ulikuwa hauguswi. Nyimbo zetu nyingi zimejengwa hivyo: ubeti wa kwanza unasifu, za katikati zinaungama na kuomba, ule wa mwisho unafika mbinguni. "Mnawapandisha watu mlima mzima," alimwambia mwalimu wa kwaya, "halafu mnawageuza kabla hawajaona kitu!" Yeye aliuimba wa mwisho kwa sauti kubwa kuliko zote, amefumba macho, na sauti yenyewe haikuwa nzuri.

Wala hakuwa jasiri. Mtu aliyeanika sanda yake kama mashuka ya kawaida aliogopa mbwa, aliogopa sindano, na dawa zake za presha alizimeza kila siku taarifa ya habari inapoanza redioni, bila kukosa. Akitaka kuvuka barabara kubwa ya kwenda Moshi alishika mkono wa mtu yeyote aliyekuwa karibu, amjue asimjue.

Mwanawe wa mwisho alikuwa na raha ya pekee katika jambo hili. "Mama, si unataka kwenda mbinguni? Mbona lori likipita unanivunja vidole?"

"Kwenda nataka. Kugongwa sitaki."

Mbingu yake aliijua vizuri kama mtu anavyojua mji aliotumiwa habari zake na ndugu. Barabara za dhahabu hazikumvutia. Alidhani zitateleza. Alitaka mfereji wa maji yanayotoka mlimani, upite katikati ya migomba, na mabenchi yenye egemeo, kwa sababu mgongo wake ulikuwa umeteseka vya kutosha katika mabenchi ya usharika. Vikao visiwepo. Zaidi ya hapo kulikuwa na watu. Aliwataja kama anayepanga wageni wa harusi: mama yake, mume wake, kichanga chake kilichokufa kabla hakijapewa jina, jirani fulani aliyemdai msamaha. Nilikuwa namsikiliza huku nammenyea ndizi, na kwa muda mrefu utotoni niliamini mbinguni ni mahali upande wa pili wa Meru, ambapo watu wa Mama Mzee walikuwa wametangulia kuandaa chakula.

Jambo ambalo wapita njia hawakulijua ni kwamba nguo za kwenye kamba hazikuwa zile zile. Hazikukaa. Mtaa wetu una wapangaji wengi, watu waliokuja mjini na begi moja, na mtu wa namna hiyo akifa huwa hana cha kuvalishwa. Basi watu walikwenda kwa Mama Mzee. Alimpa bibi mmoja wa kule bondeni aliyekufa peke yake. Alimpa msichana wa kazi ambaye mabosi wake walitaka kumrudisha kwao ndani ya khanga yake ya kufulia. Aliingia ndani, akafungua sanduku la bati, akatoa, akakabidhi, akafunga sanduku. Baada ya hapo alishuka mjini kutafuta kitambaa kingine. Fundi wake wa cherehani aliwahi kumuuliza, "Mama, si nilikushonea hili hili mwaka jana?"

"Lile limeshasafiri."

Binti yake mkubwa anayeishi Themi hakuziweza kabisa nguo hizo. Ni mtu msomi, ana kazi nzuri, na alikuwa amehamia kanisa jipya la kwenye hema, lenye spika kubwa na mafundisho ya ushindi. Aliposhuka kwenye gari lake na kuona kamba, alishika kichwa.

"Mama, unakiri mauti! Kinywa chako na mikono yako vinaita kifo kwenye hii nyumba!"

"Nimeanika nguo. Sijaita mtu."

"Sisi tumefundishwa kukiri uzima, Mama."

"Hata mimi nakiri uzima. Kila Jumapili, tumesimama, kanisa zima." Akashika pindo la gauni kuona kama limekauka. "Ila huo ninaoukiri mimi una nguo zake."

Mwanawe wa mwisho, ambaye alikuwa ameegemea mparachichi anakula mua, alicheka hadi akapaliwa. Mama Mzee naye aligeuza uso kuficha kicheko chake. Nadhani watoto wote aliwapenda, lakini huyu alimpenda kwa hofu.

Alikuwa fundi magari kule Sakina, hodari, mcheshi, mikono imeingia oili hadi ndani ya kucha. Kanisani aliacha kwenda akiwa darasa la kipaimara. Siku ya kujaribu mashati meupe ya sherehe, mama yake alimfunga kifungo cha shingoni; akakifungua. Akamfunga tena, akakifungua tena, akasema hapumui. Jumapili ya sherehe hakuonekana. Kuanzia hapo kila Krismasi alimnunulia mama yake kitenge na mama yake akamnunulia shati jeupe, akamfunga kifungo cha juu kwa mikono yake, na kila Krismasi kifungo kikafunguliwa kabla shati halijafika getini. Alikunywa, siyo sana. Aliishi na mwanamke bila ndoa, kisha na mwingine. Baraza la wazee lilimwonya kwa barua, wakamwita, hakwenda, wakamtenga. Mama yake alikuwa ndani ya baraza hilo. Alinyoosha mkono pamoja na wenzake.

"Mama, huko mbinguni kwenu kuna gereji?" alikuwa akimuuliza. "Maana nasikia kuna nabii aliondoka na gari la moto. Gari likiwaka moto, lazima fundi aitwe."

"Wewe rudi kundini tu, kazi utapewa."

"Nitarudi, Mama. Usinifunge shingo."

Ili uelewe kilichotokea, lazima niseme kwanza habari za mume wa mama wa genge. Yeye naye alikuwa ametengwa, akafa hajarudi. Mkewe alipanda kwa Mama Mzee kuomba angalau kengele ipigwe mwili unapotoka. Kwetu kengele ya msiba ndiyo inayosema kwamba aliyekufa alikuwa wetu. Mama Mzee alikataa. Alisema utaratibu ni utaratibu, hauwezi kulegezwa kwa machozi. Yule mama alishuka njia akijifuta uso kwa aproni yake. Saa moja baadaye Mama Mzee akashuka nyuma yake na shuka jeupe mkononi. "Kengele ni ya kanisa," alimwambia. "Shuka ni langu." Mtaa ulibishana sana kuhusu siku ile, wengine wakimwita mnafiki, wengine mtakatifu. Mimi bado sijaamua.

Kisha mwanawe akafa. Alikuwa chini ya lori kando ya barabara ya Nairobi, jeki ikateleza. Mwili ulikuwa umeumia kiasi kwamba waliokwenda mochwari na suruali na shati walirudi navyo. Hakuvalika. Mama Mzee alitoa shuka lake, wakamzungushia hilo.

Wazee wa kanisa walikuja jioni, wakakaa sebuleni, kofia magotini. Msemaji wao alikohoa kidogo.

"Mama Mzee, sisi tumeongea. Wewe ni mwenzetu. Tumeona mtoto aingie kanisani, na kengele ipigwe. Ni kwa heshima yako."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na birika la chai. Nikaona vidole vyake vinatafuta kitu juu ya meza, havikioni.

"Na yule wa genge mtamwambia nini?" aliuliza.

Msemaji aligeuza kofia yake magotini.

"Mumewe nilimkatalia mimi, kwa mdomo huu. Leo wangu apigiwe, kwa sababu mama yake anakaa benchi la mbele?" Alitikisa kichwa. "Msipige. Na mimi nisiulizwe tena, tafadhali, maana mkiniuliza mara ya pili nitakubali."

Hawakumuuliza. Tulimzika nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Hakukuwa na kengele, joho wala kwaya. Ukoo ulisoma, mjomba akaomba, udongo ukaanza kushuka katika ukimya ambao sijawahi kuusikia kwenye msiba wa Kikristo. Mama wa genge ndiye aliyeuvunja. Alianzisha wimbo, peke yake, kwa sauti iliyopasuka, na sisi wengine tukamfuata kwa kuchelewa. Mama Mzee alimtazama tu.

Watu walidhani ataacha kanisa. Binti wa Themi alikuja na gari Jumapili iliyofuata kumchukua. "Mama, kule kwetu hawahukumu marehemu. Twende." Lakini Mama Mzee alikuwa ameshatoka. Tulimkuta kwenye benchi lake, kitabu cha nyimbo mkononi, amenyooka. Hakukosa Jumapili hiyo wala zilizofuata, mvua inyeshe, baridi ya Julai ibane.

Kitu kimoja tu kilibadilika, na sijui wangapi walikiona. Tulipofika ubeti wa mwisho alifunga kitabu. Aliimba zote za mwanzo, kisha pale wimbo unapovuka kwenda upande ule, alifumba mdomo, akasubiri tumalize. Januari ilikuja, Meru ikasimama wazi, kamba ikabaki tupu. Ikaja nyingine, tupu. Sanduku la bati aliliweka juu ya kabati akalitandikia kitambaa cha mezani, kama watu wanavyofanya kwa redio iliyoharibika.

Siku moja nilimkuta akipalilia kwenye migomba, karibu na kaburi. Nikamwambia, kwa ujinga wa mtu anayetaka kufariji, kwamba nguo zake zitaliwa na nondo.

"Ziliwe," alisema.

"Ulikuwa unangoja kwa hamu, Mama."

Alisimama, akaegemea jembe. "Naogopa kufika, jirani mdogo."

"Kufika wapi?"

"Huko. Nikifika nikamkosa, je?" Alitazama udongo. "Zamani nilikuwa najua watakaonipokea. Nawahesabu, nalala usingizi. Sasa nikianza kuhesabu naishia kwake. Nitakaa kwenye hilo benchi lenye egemeo, nasikiliza maji ya mfereji, na yeye hayupo? Hiyo itakuwa mbingu ya nani?"

"Umeacha kuamini?"

Alinikasirikia kweli. "Ningekuwa nimeacha, ningeogopa nini?" Akarudi kwenye magugu yake, nami nikapita kwenye tundu la michongoma kwa shida, kwa sababu mwili wangu umeshakuwa mkubwa kwa njia ile.

Hayo yalikuwa miaka kadhaa iliyopita. Nilihama, nikapanga Sakina, nikawa namwona Mama Mzee kwa nadra. Januari iliyopita nilikuwa nyumbani kwa wazazi wangu kijana mmoja wa bodaboda alipofariki, mpangaji wa chumba kimoja hapo chini, aliyetoka mbali. Alipatwa na homa, akachelewa kwenda hospitali. Ndugu zake walisema kwa simu kwamba hawana uwezo wa kumsafirisha, azikwe hapa hapa. Chumbani kwake kulikuwa na godoro, koti la kazi na nguo zilizochoka. Wenzake wakaniambia, "Bro, wewe ndiye unamjua yule bibi. Nenda."

Nilipanda njia nikijua naenda kuomba kwenye sanduku lililofungwa. Nilipofika getini nikasimama.

Kamba ilikuwa imejaa. Gauni jeupe, kitambaa cha kichwa, soksi, shuka. Na pembeni ya shuka, vimebanwa kwa vibanio vipya, shati jeupe la kiume la mikono mirefu na suruali nyeupe. Upepo wa mlimani ulikuwa ukijaza lile shati, ukiliacha, ukilijaza tena.

Mama Mzee alikuwa kwenye kigoda chini ya kamba, mdogo kuliko nilivyomkumbuka.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, jirani mdogo. Umekonda."

Nilitazama shati. Akaona ninavyolitazama.

"La kwake," alisema. "Fundi amenishonea. Nimeshawaambia, mimi wakinilaza waliweke mikononi mwangu. Alienda bila nguo, yule. Shuka siyo nguo. Sijui yuko wapi. Mchungaji hajui, baraza halijui, mimi sijui. Aliye na kazi ya kujua anajua. Lakini mimi siendi mikono mitupu. Nitasimama pale mlangoni na shati lake, niulize. Wakiniambia ingia, nitawaambia bado, namsubiri mtu."

Nilikaa chini karibu na miguu yake. Nilitaka kuondoka bila kusema kilichonileta. Lakini yeye amekaa na misiba miaka mingi kuliko umri wangu, akanisoma.

"Nani kafa?"

Nikamwambia.

"Umri?"

"Kijana. Ishirini na kitu."

"Alikuwa anasali wapi?"

"Hatujui, Mama. Wenzake wanasema Jumapili alikuwa kazini."

Alifumba macho. Chini huko barabarani mtu alipiga honi ya pikipiki, na ng'ombe bandani akapumua. Nilisema haraka kwamba shuka pekee litatosha, kwamba wengine wamezikwa na shuka tu.

"Shuka siyo nguo," alirudia.

Alinyoosha mkono nimwinue. Alikwenda kwenye kamba taratibu, akapita gauni lake, akapita shuka, akafika kwenye shati. Alilishika mkono, kama unavyomshika mtu kwenye kiwiko mkivuka barabara. Kisha akaondoa kibanio kimoja, akaondoa cha pili, likamwangukia mikononi.

"Mama, usitoe hilo. Hilo ni lake."

"Huyu anatangulia," alisema. "Mimi bado nina presha na taarifa ya habari. Akimkuta huko, atampa. Asipomkuta..." Alichomoa vibanio vya suruali. "Asipomkuta, basi hata yeye ana mama mahali."

Alilikunja juu ya suruali, akanipa. Lilikuwa na joto la jua. Nikapokea kwa mikono miwili, nikageuka, na nilikuwa nimeshafika getini aliponiita.

"Jirani mdogo. Ni wewe utakayemvalisha?"

"Ni mimi na wenzake."

Alikuwa ameshika kamba kwa mkono mmoja, mahali palipobaki wazi.

"Kifungo cha juu msikifunge," alisema. "Hapendi kubanwa shingo."